Blanketi la Mtoto Mnene

Blanketi bado ninalo. Ni la sufu, rangi ya samawati, lina mstari mweupe pembeni. Lilitolewa na mwenye duka mmoja Mhindi wa Bukoba mjini liwe zawadi ya mtoto mnene kuliko wote katika upande wetu wa Izigo. Binti yangu alilishinda akiwa na miezi tisa. Alipofika mwaka mmoja na miezi saba alikuwa kaburini, katikati ya migomba ya baba yake, na blanketi halikwenda naye.

Nimesoma mpaka darasa la kumi kwa masista. Wasichana wa kwetu waliofika huko ungeweza kuwapakia wote katika lori moja na nafasi ikabaki. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nataka ijulikane tangu mwanzo kwamba aliyefanya kosa hili si mtu asiyejua kusoma.

Mume wangu alikuwa karani katika ghala la kahawa mjini, akija nyumbani Jumamosi. Mimi nilibaki Izigo na mama yake. Mume wangu alikuwa ametujengea nyumba ya bati, lakini mama mkwe aliendelea kutandika nyasi mpya sakafuni kama alivyozoea katika nyumba yake ya msonge, na kila mgeni alipokaribia yeye alikuwa ameshainama anazinyoosha. Nilimwambia mara nyingi kwamba nyasi zinafuga viroboto. Alisema, "Basi hao viroboto wananifahamu, hawatanisumbua." Nilikuwa sicheki. Siku hizo nilikuwa sicheki na mtu asiyejua Kiingereza.

Kila Alhamisi alikuja muuguzi wa Kizungu na gari lake, akaweka mizani kwenye baraza la nyumba ya mahakama, akapima watoto. Akina mama walimwita Bibi Mizani. Kiswahili chake kilikuwa maneno matano: leta, vua, chafu, mbaya, kwenda. Akina mama nao Kiswahili chao hakikuwa kikubwa, na Kihaya yeye hakujua hata salamu. Siku ya kwanza nilipompeleka binti yangu alinisikia nikisoma kwa sauti maandishi ya kwenye kopo la maziwa. Akaniuliza nimesoma wapi. Kuanzia Alhamisi iliyofuata nikawa mkalimani wake.

Sikulipwa. Nilipewa kiti. Akina mama wote walikaa chini na watoto wao mapajani, mimi nikakaa juu ya kiti kando ya mizani, binti yangu amepakatwa na mama mkwe huko chini pamoja na wengine. Ukitaka kujua kilichonipata, anzia hapo kwenye kiti.

Alhamisi moja Bibi Mizani alikuja na yai. Aliliinua juu kama padre anavyoinua hostia, akasema kila mtoto ale yai, wa kike na wa kiume, na mama mjamzito naye ale. Nikatafsiri. Wakatazamana. Kwetu mwanamke hali yai. Hali kuku, hali senene, wale panzi wa msimu, ingawa ni yeye anayetoka alfajiri kuwakamata na kuwanyonyoa mabawa, halafu mumewe anakula. Mtoto wa kike anazuiwa mapema, asije akazoea tamaa.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale. Akazungumza kwa adabu, macho ameinamisha, na neno letu la heshima, waitu, mdomoni. "Mwambie, waitu, sisi mtoto wa kike hatumpi yai. Mwulize kama kuna kitu kingine cha kufaa."

Naomba msomaji alirudie swali hilo. Aliuliza kama kuna kitu kingine. Na kitu kingine kilikuwapo: kulikuwa na maharage kila jikoni, kulikuwa na samaki ziwani chini yetu pale, kulikuwa na karanga sokoni. Lilikuwa swali la mtu mwenye akili, na lilihitaji jibu moja tu.

Bibi Mizani hakulisubiri hata liishe. Alimwona mwanamke mzee anatikisa kichwa, basi. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba huo ni ujinga na nimwambie hivyo.

Ningeweza kulifunika neno lile. Kila mkalimani anajua kufunika. Ningesema, Bibi anaomba tujaribu. Lakini nilikuwa juu ya kiti, nikasema: "Mama, anasema ni ujinga. Anasema kuku wenu wana akili kuliko ninyi, maana wao wanajua faida ya yai."

Habari ya kuku hakuisema yeye. Niliitia mimi, ili akina mama wacheke. Wakacheka. Mwanamke mmoja jirani yetu alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yanamtetemeka. Na Bibi Mizani, alipoona wanacheka, alifurahi akadhani somo limeingia.

Mama mkwe alisimama polepole, akakung'uta nyasi kwenye nguo yake, akaja kunikabidhi mtoto pale pale kitini. "Asante, mwanangu," alisema. "Nimesikia." Akaenda nyumbani peke yake.

Kwetu mkamwana anapiga magoti kumsalimu mama mkwe. Kumtukana mbele ya watu ni jambo la kurudishwa kwenu, na wazee waitwe. Nilingoja Jumamosi mume wangu aje aambiwe. Alikuja, akapewa chakula, akaulizwa habari za mjini, hakuambiwa kitu. Hakuambiwa Jumamosi ile wala nyingine. Mama mkwe hakurudi kliniki tena, akanipikia kama kawaida, akanibebea mtoto kama kawaida. Kimya kile mimi nilikichukua kuwa nimeshinda.

Baada ya hapo yakaja mashindano. Uwanja wa mahakama ulipambwa kwa majani ya migomba, mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akaja na kofia yake, watoto wakapakwa mafuta mpaka wakang'aa. Walipimwa mmoja mmoja. Binti yangu alikuwa bado ananyonya, ana mikunjo kwenye mikono kama amefungwa uzi. Aliponyanyuliwa akamshika mke wa Bwana Shauri kofia akaivuta, watu wote wakapiga vigelegele. Blanketi likawa letu. Mama mkwe alilipokea mlangoni kwa mikono miwili, akalinusa, akasema, "Linanuka duka." Halafu akalikunja vizuri akaliweka kwenye sanduku lake mwenyewe. Alikuwa anajivuna kuliko mimi, ila hakutaka nimwone.

Kuna kitu niliona siku ile nikakipita. Watoto wembamba hawakuwapo. Nilizijua nyumba zao, nilijua nani ana mtoto anayeharisha na nani ana mtoto asiyetembea bado. Mama zao walikuja kutazama, mikono mitupu. Kwenye Alhamisi za kawaida pia walikuwa wameanza kutokuja, kwa sababu Bibi Mizani alikuwa na desturi ya kumwinua mtoto mbovu mbele ya wote na kuuliza, "Nani mama yake?" Nani angesimama? Kwa hiyo kliniki ilijaa watoto wanono na Bibi Mizani akaandika kwenye daftari lake kwamba Izigo inaendelea vizuri.

Muda si mrefu nikashika mimba.

Hapo sote tulikuwa wamoja, mama yangu mzazi, mama mkwe na mimi msomi: maziwa ya mwenye mimba yanamdhuru anayenyonya. Tukamwachisha mara moja. Sikumwuliza Bibi Mizani, kwa sababu alikuwa na hotuba yake juu ya wanawake wanaobeba mimba nyingine kabla wa kwanza hajaacha ziwa, na mimi ndiye niliyekuwa naitafsiri hotuba ile, tena kwa madoido. Nilijua tusi alilolitumia. Nilikuwa nimelisema kwa mdomo wangu, kwa Kihaya, mbele ya wanawake waliokuwa na mimba wakati ule. Sasa tumbo lilikuwa langu. Nikatuma ujumbe kwamba nimepata kazi ya kufundisha watoto wadogo kanisani na Alhamisi sina nafasi. Uongo mtupu. Nilikuwa nyumbani nimejificha, kama wale waliokuwa wakificha watoto wao wembamba.

Mtoto akala ndizi. Asubuhi ndizi, mchana ndizi, na chai yenye sukari nyingi kwa sababu baba yake aliileta kutoka mjini na tuliona ni chakula cha watu wa maana. Maharage tulikula sisi wakubwa. Mtoto tulimpa mchuzi wake, maana tulisema maharage yatamvimbisha tumbo.

Akaanza kuwa mkubwa usoni. Mashavu yakajaa, macho yakawa madogo, miguu ikawa mizito. Nywele zikageuka zikawa nyepesi, zenye wekundu, nikadhani zinafanana na za bibi yangu mzaa mama. Jirani yetu yule wa kanga mdomoni alipita akasema, "Ee! Huyu blanketi la pili mmeshalipata. Tuachieni na sisi." Nilicheka nikamwambia alete wake tushindane.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa amekaa mlangoni na mtoto miguuni pake. Alichukua unyayo wa mtoto akabonyeza juu yake kwa kidole gumba, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Lilibaki pale kama alama ya kidole kwenye ndizi iliyopikwa ikapoa.

"Njoo uone," aliniita.

"Nimeona, Mama."

"Umeona nini?"

"Ni mnono. Watoto wa kliniki ndivyo wanavyokuwa."

"Mtoto mnono analia ukimnyang'anya kitu. Mnyang'anye huyo."

Binti yangu alikuwa ameshika kipande cha ndizi. Nilikichukua mkononi mwake. Hakulia. Hakukitazama hata kilikokwenda. Alibaki na mkono wazi vile vile, kana kwamba ndizi bado ipo.

"Ni mtulivu," nilisema. "Amekua."

Mama mkwe akamgeuza mtoto uso kwangu. "Mkamwana, huyu hachezi tangu mwezi uliopita. Huyu anaondoka. Mpeleke kwa Bibi Mizani wako."

"Mashindano ya mwaka huu ni baada ya wiki tatu. Nitampeleka siku hiyo."

"Mpeleke kesho. Au niambie nimbebe mimi."

Nikasema, na nakumbuka nilivyokuwa nimeweka mkono kiunoni, "Wewe utakwenda kumwambia nini Bibi?"

"Kweli," alisema. "Mimi ni wa kuzidiwa na kuku." Akamvuta mtoto akamlaza mapajani.

Miezi yote ile alikuwa amelishika neno lile. Na mimi, hata baada ya kulisikia likinirudia, nilihesabu siku za mashindano. Wiki tatu. Najiuliza mpaka leo kama wiki tatu ndizo zilizomuua. Daktari mjini sikumwuliza, kwa sababu niliogopa angesema ndiyo.

Siku ya mashindano nilifunga tumbo langu kwa kanga mbili, nikampaka binti yangu mafuta, nikamfunga kwenye blanketi lake la samawati, nikaenda. Mama mkwe alitufuata nyuma, mbali kidogo, bila kuitwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga pale tangu siku ya yai.

Bibi Mizani alinichangamkia, akanionyesha kiti changu. Kisha akafunua blanketi. Uso ukambadilika. Akamvua mtoto nguo, akabonyeza mguu kwa kidole gumba, akaondoa kidole, akatazama shimo. Kidole kile kile, mahali pale pale.

Laiti angenivuta kando. Hata sasa nikifikiria, hilo tu ndilo ninalomdai: angenivuta nyuma ya gari lake aniambie, mwanamke kwa mwanamke. Lakini umati ulikuwa mkubwa, mke wa Bwana Shauri alikuwa amekaa, na Bibi Mizani aliona nafasi nzuri ya kufundisha. Akamwinua binti yangu juu, uchi, miguu ikining'inia mizito, akawageuzia watu. Akasema kwa Kiingereza, tazameni, hivi ndivyo ndizi zenu na uvivu wenu vinavyowafanyia watoto.

Halafu akanigeukia. "Wafasirie."

Akina mama walikuwa wananitazama. Walikuwa wameshaelewa vya kutosha, hawakuhitaji mkalimani. Walitaka kuona kama nitasema. Niliwahi kuyasema yote juu ya watoto wao, sikuruka neno. Nikafungua mdomo. Nikaufumba tena. Akarudia, kwa ukali sasa, akidhani sikusikia. Na binti yangu kule juu hakulia, hakurusha mguu, alitazama tu mbele kama mtu mzima aliyechoka.

Aliyekwenda kumchukua ni mama mkwe. Alipita katikati ya watu, mgongo umeinama, akanyoosha mikono miwili juu kwa Mzungu yule, na akasema Kiswahili, lugha ambayo sikujua kama anaijua hata kidogo: "Leta." Neno la Bibi Mizani mwenyewe. Bibi akamshushia mtoto. Sijui alikuwa na uso gani, mimi nilikuwa natazama nyasi.

Nisimwonee. Ni yeye aliyetuandikia barua ya hospitali pale pale na kusimamisha lori la kahawa lililokuwa linakwenda mjini. Tulipanda juu ya magunia, mama mkwe na mimi na mtoto. Njia nzima hakunilaumu. Alimkinga mtoto vumbi kwa kiganja, akamwimbia kwa sauti ndogo wimbo wa kumchekesha, ule wa vidole, akamkunja kidole kimoja kimoja. Alipofika mwisho wa vidole alianza tena. Mtoto hakucheka hata mara moja, na yeye hakuacha.

Hospitalini walijitahidi. Walimpa maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo. Siku ya tatu uvimbe ulipungua, ukabaki nyayoni tu, nikaona kilichokuwa chini yake: ngozi na mifupa. Yule mtoto mnono niliyekuwa najivunia hakuwapo kwa miezi. Siku ya tano, saa nne asubuhi, jua limeingia mpaka kitandani, alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine, halafu hakuvuta tena. Nilikuwa nimemshika mguu. Kidole changu kilikuwa kimeacha shimo na shimo halikujaa.

Tulirudi Izigo naye. Walipokuwa wanamwandaa nilileta blanketi, nikidhani ndilo la kumfunga, maana ndilo kitu pekee kizuri alichokuwa nacho. Mama mkwe alilitoa mikononi mwangu.

"Hili ni lao," alisema. "Walimpa kwa sababu ya mwili. Sisi tunamzika mtoto."

Akamfunga kwa kanga yake aliyokuwa amevaa, ikiwa bado na joto.

Jina la ugonjwa niliambiwa na mganga msaidizi mmoja pale hospitalini, Mhaya mwenzetu. Kwashakoo. Alisema ni neno la watu wa Gold Coast, huko Afrika Magharibi, na maana yake ni maradhi ya mtoto aliyepokonywa ziwa na mdogo wake aliye njiani. Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Wanawake wa huko, ambao hawakwenda shule kuliko mama mkwe wangu, walikuwa wameona. Walimwona mtoto, wakaona tumbo la mama, wakaunganisha. Na kuna mtu aliyewauliza, akasikiliza mpaka mwisho, akaandika neno lao kwenye vitabu vya madaktari. Kwetu Izigo mwanamke wa namna hiyo alikuwapo pia, amekaa mlangoni pangu, kidole gumba juu ya mguu wa mwanangu. Tulikuwa tumeshamwambia kwamba kuku wanamzidi akili.

Nina hasira. Watu waliniambia itapoa nikijifungua, na nimejifungua, ni msichana tena, na haijapoa. Nina hasira na mwanamke aliyeleta mizani na dawa na elimu ya kweli, maana ilikuwa ya kweli, yai lile lingemfaa mwanangu, halafu akaitoa kwa namna ambayo mtu mwenye heshima zake hawezi kuipokea. Mtu ukimdharau kwanza, hata ukimpa dawa ataitema. Nina hasira na desturi inayompa mwanamume senene na kumnyima anayebeba mimba. Lakini hao wote nikishawamaliza, nabaki na yule msichana wa darasa la kumi juu ya kiti, na yeye sijui nimfanye nini.

Kliniki sikurudi kukalia kile kiti. Wameshampata mkalimani mwingine, kijana wa mahakama, anafunika maneno vizuri kuliko mimi. Lakini siku hizi wanawake wanakuja kwetu kabla ya Alhamisi, wanapita kwa nyuma, kwenye kibanja, kati ya migomba, wasionekane barabarani. Wanamletea mama mkwe watoto. Anabonyeza mguu. Anamnyang'anya mtoto ndizi anatazama kama atalia. Asiyelia anamrudishia mama yake anasema, "Nenda naye Alhamisi. Atakutukana. Vumilia, usimjibu, chukua dawa." Na maharage anawafundisha yeye, kuyaponda na kuyachuja maganda, mtoto asivimbe tumbo. Hakuna aliyemfundisha kuchuja. Alifikiri mwenyewe. Ndilo jibu la swali alilouliza siku ile.

Mtoto huyu mdogo anakula yai. Mama mkwe ndiye anayelichemsha na kumlisha kwa kidole, uso ameugeuzia pembeni kwa sababu harufu yake bado inamchefua. Sijawahi kumwomba afanye hivyo. Msamaha nilimwomba, nimepiga magoti kwenye nyasi zake. Alisema, "Inuka, viroboto watakuuma." Sijui kama alinisamehe. Alicheka kidogo, nami nikashindwa kucheka.

Asubuhi nikimwogesha mtoto nambonyeza mguu kwa kidole gumba, juu ya unyayo. Naondoa kidole. Nangoja. Nyama inarudi. Mama mkwe, pale mlangoni, anajifanya hatazami, na hainami kushika nyasi zake mpaka imerudi.